Koki ya Nyuma ya Nyumba

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita tangu kiharusi kimwangushe Danson kwenye kibaraza cha nyumba yake huko Mbololo, na katika miezi hiyo yote hakuna mkono uliomwogesha isipokuwa mkono wa mkewe, Wakesho. Kila asubuhi Wakesho aliteka maji, akaipandisha ndoo juu ya stuli, akamkalisha mumewe kwenye kiti cha plastiki na kummwagia kwa jagi. Alipomaliza, alimkumbatia kifuani na kumwinua. Danson alikuwa amebeba mataruma, vyuma vya kulazia reli, begani kwa miaka ishirini na sita. Ingawa maradhi yalikuwa yamemla upande mzima wa mwili, mifupa yake ilibaki ile ile, mizito kama vyuma alivyovizoea.

Siku moja, akiwa amemwinua nusu tu, Wakesho alihisi kitu kikichanika chini ya kitovu, kama kanga kuukuu inavyochanika ikivutwa na watu wawili. Alimfikisha mumewe kitandani, akamvisha, ndipo akatoka nje na kuketi chini ya kamba ya nguo mpaka jasho lilipomkauka.

Daktari aliuita ugonjwa huo ngiri. Alisema isiposhonwa, ipo siku utumbo utajinyonga humo humo ulimotokeza. Na ikishonwa, mama asinyanyue hata mtungi wa lita tano kwa muda wa miezi mitatu.

"Na mzee wangu ataogeshwa na nani?" Wakesho aliuliza.

"Kwani hamna watoto?"

Daktari alikuwa kijana wa kutoka mbali, na Wakesho hakuona jinsi ya kumweleza. Mtoto waliyejaliwa ni mmoja, Ben, ambaye alifanya kazi Taveta na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Lakini hata angelala hapo kila siku, mtoto hautazami uchi wa baba yake. Aliyebaki nyumbani ni Nthenya, mke wa Ben, binti wa Kikamba mwenye adabu nyingi, ambaye hata shuka la mkwewe alilianika akiwa ameangalia kando. Kumwambia Nthenya aingie bafuni na mkwewe ni neno ambalo mdomo wa Wakesho haukuwa na mahali pa kuliweka.

Kwa hiyo alipopewa siku ya kupasuliwa, Jumatatu ya mwisho wa mwezi, jambo lililomnyima usingizi halikuwa kisu. Lilikuwa ndoo na jagi.

Aliyeleta tumaini ni Idris, fundi wa mabomba kutoka Voi mjini. Aliitwa kurekebisha choo, akaifungua na shawa ili aone maji yalivyo. Maji yalitoka matone matone, yakasita, yakatoka tena.

"Mama Ben, hii si shawa," alisema Idris. "Huyu ni mbuzi anayekojoa kwa kuogopa mbwa."

Danson, aliyekuwa ameegemea mlango kwa mkongojo wake, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Maneno yake siku hizo yalitoka moja moja, kila moja likiwa limefanyiwa kazi. "Mbuzi," alisema. "Mzee. Kama. Mimi."

"Wallahi mzee, wewe bado," Idris alimjibu. "Kosa ni la tangi. Tangi li chini mno, maji hayana mahali pa kuangukia. Ikitiwa pampu ya shawa hapa, yatakupiga mpaka uombe msamaha. Utakaa kitini mwako, utajisugua kwa mkono huo mmoja, na maji yatafanya kazi iliyobaki."

Danson aliacha kucheka. Alimtazama mkewe, na katika macho hayo Wakesho aliona jambo ambalo mumewe hakuwahi kulitamka kwa miezi kumi na minne: kwamba kila asubuhi alipovuliwa nguo alikufa kidogo.

Pampu ikanunuliwa. Idris alifika nayo siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nne tu, naye alifanya kazi kama mtu anayejenga mimbari. Hakukubali kulikata bomba la jikoni ili apate njia ya mkato. Alitoboa tundu jipya karibu na tako la tangi, akavuta bomba lake peke yake, akatia chujio la kuzuia mchanga unaoletwa na maji ya mfereji, kisha akaweka koki mpya kando ya ile ya zamani, ndipo likaja bomba la kuingia katika pampu. Pampu yenyewe aliikalisha chini kabisa, nyuma ya nyumba, chini ya usawa wa maji, juu ya kipande cha tairi ili mtetemo wake usizilegeze nati. Aliijaza maji kwanza na kuitoa hewa mpaka povu likaisha. Umeme aliuletea waya wake, na waya mwingine wa usalama akauzika ardhini, na swichi akaiweka koridoni, nje ya mlango wa bafu.

"Si ingekuwa ndani, karibu na kiti?" Wakesho aliuliza. "Mzee asitembee tembee."

"La, mama yangu. Maji na umeme hawalali kitanda kimoja. Atawasha akiingia, atazima akitoka."

Kisha Idris alikuna kidevu. Alimweleza kwamba pampu hiyo kwa kawaida hujiamsha yenyewe. Maji yakitembea yanaisukuma iamke, yakisimama inalala. Lakini kwa vile tangi lilikuwa chini, maji hayakuwa na nguvu ya kuiamsha. Dawa yake ilikuwa kuujenga upya mnara wa tangi, futi nane za mawe, kazi ya wiki mbili.

"Sina wiki mbili. Jumatatu nalazwa. Daktari huyo wa kupasua huja mara tatu tu kwa mwaka."

"Basi nitaiweka iwake kwa swichi tu mpaka utakaporudi, kisha nije nijenge mnara. Ila nakupa sharti, Mama Ben, na ulishike kama amana." Alimpeleka mpaka kwenye koki na kuigusa kwa kidole. "Hii isifungwe. Usiku, mchana, mkiwepo, msiwepo, isifungwe. Ikiwa ya kujiamsha, koki ikifungwa pampu hulala tu, hakuna hasara. Lakini hii ya swichi haijui kama kuna maji au hakuna. Itazunguka tupu mpaka iungue."

Wakesho aliahidi, naye aliahidi kwa moyo mweupe.

Lakini sharti hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani fundi, maana Idris alikulia mjini, na mjini tembo haingii. Mwaka wa ukame mkubwa tembo walivuka kutoka upande wa Ndara, wakanusa maji yaliyokuwa ndani ya mabomba, wakayang'oa kama mtu anayevuna mihogo. Asubuhi watu wa Mbololo waliamka wakakuta matangi yamekauka, lita elfu moja zimenywewa na vumbi, na maji ya mfereji huja Jumatano tu. Tangu mwaka huo kila nyumba ilijifunza kufunga koki ya tangi kabla ya kulala na kabla ya safari, ili bomba likivunjwa, angalau tangi libaki na chake. Mtu hakulifikiria tena jambo hilo. Mkono wa Wakesho uliifunga koki jinsi mdomo unavyosema amina.

Usiku wa Alhamisi alilala koki ikiwa wazi, akageuka geuka kitandani kama aliyeacha mtoto nje. "Tembo. Wamelala," Danson alimtania gizani. "Wewe. Lala."

Ijumaa asubuhi Danson alioga peke yake.

Aliwasha swichi mwenyewe, akaingia kwa mkongojo, akausukuma mlango. Wakesho alisimama koridoni huku amejishika tumbo, akisikiliza. Pampu ilinguruma, maji yakaangukia saruji kwa kishindo kama cha mvua ya Novemba juu ya mabati, na katikati ya kishindo hicho akasikia sauti ambayo alikuwa ameizika: mumewe alikuwa akiimba. Hakuimba maneno, maana maneno yangemchelewesha. Lilikuwa pambio tu la kanisani, likipanda na kushuka. Nthenya, aliyekuwa uani akipepeta pojo, aliinua uso akatabasamu, kisha akauinamisha haraka.

Danson alitoka akiwa amejifunga kikoi kwa mkono mmoja, kimekaa upande. Wakesho alinyoosha mkono amrekebishie.

"Acha," alisema Danson. "Kiko. Sawa."

Kikoi hakikuwa sawa. Wakesho akauacha upande huo ubaki hivyo, na siku nzima kila alipoutazama alijihisi tajiri.

Jumamosi alioga. Jumapili alioga akaenda kanisani. Jumatatu, kabla jua halijachomoza, Wakesho aliufunga mfuko wake, akawamwagia kuku mtama, akamwachia Nthenya maagizo ya uji na vidonge. Danson alikuwa bado amelala, au hivyo ndivyo alivyodhani. Alimgusa mguu ule mzima, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapita kando ya tangi, akafungua lango, akashika njia ya kuteremkia Voi.

Hospitalini walimpa gauni la kijani na kitanda cha karibu na dirisha. Muuguzi aliyeitwa Priscilla alimpima damu, akamwambia yeye ni wa tatu katika orodha.

"Umekula chochote, mama?"

"Tangu jana saa kumi na mbili sijaonja hata maji."

"Vizuri. Usiogope. Utalala, utaamka, itakuwa imekwisha."

Wakesho hakuogopa. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alilala chali mchana kweupe bila kusikiliza kama kuna mtu anayemwita. Wa kwanza katika orodha alichukuliwa. Ilipokaribia saa nne, mgonjwa mmoja alinawa mikono kwenye sinki lililokuwa pembeni akaondoka, bomba likabaki likichuruzika. Priscilla alikwenda akalifunga. Kiganja kiligeuka, mara moja, mara mbili, kikakaza.

Wakesho aliutazama mkono ule. Kisha akautazama wake, uliokuwa umelala juu ya shuka, na kiganja chake kikakumbuka baridi ya chuma. Aliona alfajiri ile. Aliuona mfuko ukiwa begani, aliuona ukuta wa nyuma, na aliuona mkono wake wa kulia ukinyooshwa gizani bila kutumwa na mtu. Mara moja, mara mbili, ukakaza.

"Naomba simu yangu," alisema.

Nthenya aliipokea kwa furaha. "Mama, habari ya huko? Wameshakuingiza?"

"Baba yako yuko wapi?"

"Anaoga, Mama. Uji amekunywa wote."

"Ameingia saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu hivi." Nthenya alisita. "Nilidhani anayafurahia maji."

"Pampu unaisikia?"

"Ilikuwa ikilia sana. Sasa inakoroma tu. Na kuna harufu, Mama, kama mpira unaochomwa. Nilisema labda ni jirani anachoma takataka."

"Zima swichi. Nenda uizime sasa hivi."

Wakesho alisikia nyayo zikikimbia, kisha kimya. "Nimezima."

"Mwite."

"Baba?" Sauti ya Nthenya ilikuwa imegeuzwa mbali na simu, nyembamba, ya mtu anayeugusa mlango asioruhusiwa kuugusa. "Baba, Mama anauliza kama uko salama." Kisha, kwa mbali, kama kutoka ndani ya kisima, neno moja.

"Amesema nini?"

"Amesema niondoke, Mama."

Wakesho alimwagiza aende nyuma ya nyumba aifungue koki, akitumaini kwamba hata matone kama yale ya zamani yangemfikia. Nthenya alirudi akihema. Maji yalikuwa yakimwagika chini, kutoka tumboni mwa pampu, wala hayakwenda bafuni. Kitu kimeyeyuka. Pampu ilikuwa moto, haishikiki.

"Basi funga," alisema Wakesho.

Alimpigia Idris. Simu haikupatikana. Akamwambia Nthenya akamwite Josephat, jirani yao, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye angeweza kuingia bila aibu. Akangoja. Wa pili katika orodha akachukuliwa. Hatimaye simu ililia, na aliyezungumza alikuwa Josephat.

"Mama Ben, nimebisha, nimembembeleza. Mlango ameukomea. Nimemwambia nitauvunja, akasema nikiuvunja tusijuane tena. Anasema anakungoja wewe."

"Ulimwambia niko hospitali?"

"Nilimwambia. Akasema atangoja."

Wakesho alikaa na simu mapajani. Hakuwa na hasira. Alijua kilichokuwa nyuma ya mlango ule kana kwamba ukuta ulikuwa wa kioo: mtu aliyepaka sabuni mwilini kwa mkono mmoja akiamini maji yanakuja, kisha maji yakakatika, na swichi iko nje, na nje uani yuko mke wa mwanawe. Angetoka vipi? Angeita kwa maneno gani? Alikaa humo akisikiliza pampu inaungua, kwa sababu kuizima kulihitaji nguo, na kuvaa kulihitaji mikono miwili.

Alipovua gauni la kijani, Priscilla alikuja mbio.

"Mama, wewe ndiye unayefuata."

"Najua, binti yangu."

"Ukitoka, kitanda chako anapewa mwingine. Daktari atarudi baada ya miezi minne, na hata hapo siwezi kukuahidi. Hiyo ngiri inaweza isikungoje."

"Mpeni huyo mwingine," alisema Wakesho.

Alifika nyumbani saa sita kwa pikipiki, kila shimo la barabara likimwingia tumboni. Josephat alikuwa ameketi kibarazani. Nthenya alikuwa amesimama mbali, karibu na banda la kuku, pale ambapo mtu hawezi kudhaniwa kuwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni mimi," Wakesho aliuambia mlango.

Ilichukua muda, kisha komeo likasogea.

Danson alikuwa kitini. Sabuni ilikuwa imemkaukia mwili mzima, nyeupe, imepasuka pasuka kama chokaa kwenye ukuta wa zamani, na mahali alipojikuna palikuwa na michirizi ya damu. Mkono wake mzima ulikuwa umeushika ule uliokufa.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Wame. Kushona?"

"Bado."

Aliyafumba macho. Kilichopita usoni mwake Wakesho alikitambua mara moja, na kilimuumiza kuliko barabara yote ya kutoka Voi. Kulikuwa na majuto humo, naam. Lakini kabla ya majuto kulipita faraja.

"Ni mimi niliyeifunga koki," alisema Wakesho. "Alfajiri, nikitoka. Mkono uliifunga wenyewe."

"Najua. Nilisikia. Ikilia."

"Ulisikia? Basi mbona hukumwambia Nthenya aifungue?"

Danson alilitafuta jibu. "Nimwambie. Mke wa Ben. Nataka. Kuvua nguo?" Akapumzika. "Nilidhani. Ya kwenye bomba. Yatanitosha."

Wakesho alitoka, akaijaza ndoo jikoni, akaishika kwa mikono miwili, akaileta hatua kwa hatua. Stuli ilikuwa imeshatolewa bafuni tangu Ijumaa, hivyo ilimbidi ainame mpaka sakafuni kwa kila jagi. Sabuni iliyokauka haitoki upesi. Alimmwagia jagi kumi na tisa. Alipomkumbatia kifuani amwinue, kile kilichochanika kilifunguka zaidi. Aliuma meno akamwinua hivyo hivyo. Danson alikiegemeza kichwa chake begani mwake kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya pampu, na Wakesho akaelewa kwamba hatakiondoa tena.

Jioni Idris alikuja, simu yake ikiwa imeamka na habari zote zikiwa zimemfikia. Alichuchumaa nyuma ya nyumba, akaifungua pampu, akajaribu kuigeuza kwa bisibisi. Haikugeuka. Aliitazama koki, akamtazama Wakesho.

"Mazoea yana taabu," alisema hatimaye, polepole. "Kosa ni langu pia, Mama Ben. Sikupaswa kuikubali ile haraka. Ningejenga mnara kwanza." Aliinuka, akamgeukia Danson aliyekuwa kibarazani. "Mzee, nitaleta nyingine. Safari hii nitaiweka ya kujiamsha, mnara juu, mambo yote kama yanavyotakiwa. Hata koki ikifungwa, haitaungua."

Danson alikuwa akitazama milima. Kikoi chake kilikuwa kimefungwa vizuri sana, kimenyooka, kwa mikono ya mkewe.

"Usilete," alisema.

"Mzee, lakini mama anahitaji…"

"Usilete."

Idris alimtazama Wakesho. Wakesho naye alimtazama mumewe, akasubiri neno la pili, kwa sababu siku hizo maneno ya Danson yalitoka moja moja, na mtu alipaswa kuwa na subira. Alisubiri mpaka kuku wakaingia bandani. Neno la pili halikuja.

Fundi alipokwisha kwenda, upande wa chini watu walianza kupiga mabati. Tembo walikuwa wameonekana tena. Wakesho alizunguka nyuma ya nyumba huku amejishika tumbo, akapita juu ya matope yaliyozunguka pampu, akainama mpaka kwenye koki. Ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Aliigusa hata hivyo, akaikaza kidogo zaidi, kisha akaenda kuitafuta ile stuli, akairudisha bafuni na kuiweka karibu na kiti, tayari kwa kesho.